Bi Shubiri na Mizani Saba

Jumatatu, 8 Desemba

Toleo la Novemba la jarida letu, Kidakatonge, limeshafungiwa maandazi. Nimeliona kwa macho yangu, kwa muuza maandazi wa hapa Mtoni. Ukurasa uliolowa mafuta ni wenye tamthilia yangu. Angalau imefika midomoni mwa watu.

Sumu Katika Uji. Maonyesho matano. Wahusika wote wanakufa katika onyesho la tatu. Mawili ya mwisho ni maombolezo. Niliiandika wakati wenzangu wanajiandaa na mtihani wa kidato cha nne, na kama hesabu nimefeli, nimefeli kwa ajili ya sanaa. Hakuna mhakiki aliyeigusa. Hata kuiponda! Shairi la mwenzetu Editha, "Mgeni wa Moyo", limepata ukurasa mzima wa sifa. Editha husoma mashairi yake akiwa amefumba macho. Kufumba macho kila mtu anaweza.

Jumamosi Twaha, mhariri wetu, anaachia kiti. Anaingia kidato cha sita na jarida linamlia muda. Atamtangaza mrithi. Nakitaka kiti hicho kuliko matokeo ya Januari. Tatizo ni moja: tangu nijiunge na kundi la jarida, kikaoni sijawahi kusema zaidi ya "nipo".

Dawa ni lakabu. Malenga wote wa zamani walikuwa nazo. Yangu: Bi Shubiri. Mhakiki mchungu, asiyempendelea mtu. Atamwumbua Editha, ataisifu tamthilia yangu. Watu wakishamwogopa, Jumamosi nitasimama niseme, ndiye mimi. Sioni kasoro.

Jumanne, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Nimeutumia uhuru wangu kuhesabu silabi za Editha.

Nilijikunja mkekani, vidole vikihesabu, midomo ikicheza. Mama akapita, akadhani navuta uradi. Akapunguza sauti ya redio, akamwambia shangazi kwa simu kwamba Mwanakombo siku hizi amemrudia Mola. Sikumsahihisha. Mola anisamehe, nilikuwa nimefika ubeti wa pili.

Na nimempata! Mstari wake wa kwanza kabisa: "Mgeni wangu wa moyo, njoo kwangu nikulaze." Mge-ni, mbili. Wa-ngu, nne. Wa, tano. Mo-yo, saba. Saba! Kipande cha shairi letu kina mizani nane, hilo hata mtoto wa darasa la saba analijua. Nimecheka peke yangu hadi Mama akaongeza sauti ya redio.

Jumatano, 10 Desemba

Uhakiki umeandikwa. Editha: "Mshairi huyu ameanza safari akiwa amesahau kiatu kimoja." Sumu Katika Uji: "Kazi iliyotungwa na nafsi pevu. Nililia kuanzia onyesho la tatu." Hiyo ni kweli, nililia.

Nimeupeleka steshenari kwa Faraji, anayetuchapia jarida na kulipigia kopi. Nimesema natumwa na Bi Shubiri, mama mmoja mtu mzima wa Bunju. Faraji kauliza mbona mama wa Bunju hana steshenari Bunju.

Alhamisi, 11 Desemba

Toleo limetoka. Shangwe! Kundi letu la WhatsApp halilali. Wanaulizana Bi Shubiri ni nani. Wengine wanasema mwalimu wa chuo. Twaha kaandika kwamba jarida lilikuwa linamngoja mtu kama huyu, na kwamba akijitokeza, kiti chake hicho hapo.

Kiti chake hicho hapo! Nimesoma mpaka simu ikazima.

Filomena, anayesimamia ukurasa wa mashairi, ndiye pekee aliyeleta nuksi. Anasema neno mgeni lina mizani tatu, kwa kuwa M yake inasimama peke yake: m-ge-ni. Kwa hiyo kipande cha Editha kina nane kamili.

Nimehesabu tena. M. Ge. Ni.

Sikula mchana.

Ijumaa, 12 Desemba

Nimepita kwa Faraji kununua kalamu. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Dada'angu, wewe si ndo Mwanakombo wa ile ya uji? Sasa si umejisifu mwenyewe?"

Nimesema hapana, ni Bi Shubiri. Akasema sawa, basi nimsalimie.

Sikuwa nimeliwazia hilo. Kweli, hata kidogo. Nikisema ndiye mimi, nimejisifu na sijui kuhesabu. Nisiposema, kiti kinakwenda. Nimeamua kusema. Aibu hupita, kiti hubaki. Nimefanya mazoezi mbele ya kabati: "Ndiye mimi." Mama akauliza nani. Nikasema hakuna.

Jumamosi, 13 Desemba

Siku ya kikao.

Darasa la kuazima, madirisha hayana vioo, watu wamejaa. Twaha akasema kama Bi Shubiri yumo humu ndani, asimame tumwone. Nikafungua mdomo. Jarida letu tumeliita Kidakatonge, kile kinyama cha kooni, na changu kilikuwa kimefunga mlango.

Basi Editha akainamisha kichwa. Akatabasamu. Akafumba macho yake yale.

Mtu akasema jamani, ni Editha. Editha akasema, "Mie sijasema kitu." Akasema kwa namna ambayo watu wote walipiga makofi.

Filomena akasimama kuuliza ile mizani saba imetoka wapi. Nikamshukuru Mungu. Twaha akamjibu hivi, na maneno yake nayakumbuka yote: "Si unaona? Kajipunja mwenyewe makusudi, asionekane anajipendelea. Nani humu ana moyo huo?"

Filomena akakaa. Hata yeye akapiga makofi.

Na wema wake haukuishia hapo, Twaha akaendelea. Kaisifu tamthilia ambayo, tuseme ukweli, wengi iliwashinda kuimaliza, ili kumtia moyo binti mkimya. Wote wakageuka kunitazama. Nikaambiwa nimshukuru mhariri mpya.

Nilikwenda mbele. Nilimpa mkono. Editha aliushika kwa mikono miwili, akaniinamia sikioni: "Usijali, mpenzi. Uji ule ulihitaji sukari kidogo."

Nikasema asante. Ndilo neno langu la kwanza kikaoni mbali na "nipo".

Jumapili, 14 Desemba

Sikulala. Mama kauliza, nikamweleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, kilichokuponza ni kujificha. Kama kazi ni yako, isemee kwa jina lako." Akaenda kupika.

Maneno ya busara. Nimeyatafakari asubuhi nzima.

Ukweli ni kwamba kosa halikuwa lakabu. Kosa lilikuwa lakabu moja. Mhakiki mmoja anaweza kuibwa, wawili wanalindana. Kwa hiyo toleo la Januari ataingia Bi Pilipili, mama mtu mzima wa Ubungo, mkali kuliko mwenzake. Atamfichua Bi Shubiri kuwa hajui mizani, na aibu yote itamwangukia Editha.

Nimeshaandika nusu ya uhakiki wake. Nitaupeleka kwa Faraji kesho.

Ila asianze kwa ukali, watu watamshuku. Aanze na jambo jema. Nimemwanzisha na Sumu Katika Uji: kazi ambayo sifa za Bi Shubiri hazikuitosha.