Wiki ya Kuboronga

Jumatatu, 3 Machi

Mambo yameiva. Mama Mkurugenzi kaniita ofisini asubuhi, kanieleza kwamba mwisho wa wiki ijayo ataamua nani awe Meneja wa Mafunzo wa kiwanda chetu cha kufulia. Mimi ni Kaimu. Kaimu, kaimu, mwaka mzima! Nikishinda, neno hilo linafutwa. Nikishindwa, narudi stoo ya sabuni nilikotoka, kupiga chafya mpaka nistaafu.

Sharti lake ni moja. Hataki tena tathmini kama ya kozi iliyopita, ambapo niliwauliza wafanyakazi kama wamefurahi na wote wakaandika ndiyo. Kasema walichofurahia ni soda. Safari hii nipime kazi yenyewe: mashati yanayorudishwa na wateja kabla ya mafunzo, na yanayorudishwa baada ya mafunzo. Nikaitikia kwa sauti nzito ya kimeneja.

Mshindani wangu ni Shemeji, mdogo wake mke wangu, msimamizi wa meza za pasi. Naye anautaka umeneja. Maskini, hajui anashindana na nani.

Jumanne, 4 Machi

Balaa! Nimechungulia takwimu. Meza za pasi ni nadra kurudishiwa chochote. Watu hawa wanajua kazi! Sasa mimi nitaboresha nini?

Hamu ya chakula ikaniisha. Halafu wazo likaja lenyewe, nikiwa chooni, ambako mawazo yangu bora huzaliwa. Kama ubora wa "baada" hauwezi kupanda, wa "kabla" unaweza kushuka!

Shemeji alipoingia kikaoni nikawakusanya wapiga pasi nyuma ya mashine za kukaushia. Nikawaomba wiki hii waboronge kidogo. Kidogo tu: kola iliyokunjamana hapa, kifungo kilichovunjika pale. Jumatatu nawafundisha, Jumanne wanarudi kwenye uzuri wao, mimi napanda cheo na kila mtu anapata cheti. Wakakubali kwa moyo mmoja. Pande, mpiga pasi mwenye mabega ya kuziba mlango, aliuliza mara mbili kama nasema kweli. Nikamwambia nasema kweli tupu.

Alhamisi, 6 Machi

Hawa watu wana vipaji! Mimi nilisema kidogo, wao wakasikia kingi. Mashati yanarudi kwa matoroli. Suruali zina mistari mitatu ya pasi kila mguu. Mashuka mazito ya hoteli yamepelekwa hospitali, na inasemekana wagonjwa wamegoma kuyarudisha. Meneja wa hoteli kapiga simu, kasema akiona upuuzi huu tena anahamia kwa wenzetu wa barabara ya pili. "Kabla" yangu inapendeza mno.

Tatizo ni Shemeji. Kila jioni anabaki kupiga pasi upya kila kilichoharibika, jasho linamtiririka, analalamika kwamba haelewi watu wake wamepatwa na nini. Anaharibu uharibifu wangu! Nikamshauri aende nyumbani apumzike, afya ni muhimu kuliko kola. Akaniuliza nimeanza lini kumwonea huruma.

Nyumbani mke wangu kasema mdogo wake kampigia simu akilia. Nikanywa maji, nikabadili mazungumzo.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya mafunzo. Kusema kweli sikupata muda wa kuandaa cha kufundisha, maana ile "kabla" ilinimaliza nguvu. Nikajikaza kisabuni. Nikamwaga hotuba ya kujiamini, nikawagawa kwenye makundi, kila kundi likachora shati la ndoto zao. Kundi la Pande lilichora gauni.

Wasimamizi niliwapa zoezi la kujenga imani: mmoja anajiachia aanguke kinyumenyume, wenzake wanamdaka. Msimamizi wa zamu ya usiku akajiachia. Wenzake walikuwa wanachukua chai. Tumempaka dawa, yuko hai.

Shemeji alikaa mbele na kalamu mkononi tangu mwanzo hadi mwisho. Tulipofunga akaniuliza, kwa adabu kabisa, mafunzo yanaanza saa ngapi. Wivu huo!

Ijumaa, 14 Machi

Niandike tu.

Wiki nzima hakukurudi hata shati la kuhesabika. Nikasimama mbele ya kiwanda kizima nikaonyesha mchoro wangu wa mashati yasiyorudishwa, mstari umepanda kutoka sakafuni hadi darini. Makofi! Mama Mkurugenzi alitabasamu, nilimwona kwa macho yangu haya mawili. Nikaanza kumshukuru mke wangu kwa uvumilivu wake. Ndipo Pande aliponyoosha mkono.

"Mwalimu," akasema kwa heshima zote, "ile wiki ya kuboronga tutaipata tena lini? Maana ilitupumzisha sana."

Nikajaribu kucheka. Nilicheka peke yangu. Mama Mkurugenzi akamuuliza ni wiki gani hiyo, na Pande, mtu asiye na hila hata chembe, akaeleza yote, pamoja na mahali niliposimama na jinsi nilivyowahimiza.

Mama Mkurugenzi akanigeukia. "Kwa hiyo umewafundisha walichokuwa wanakijua, baada ya kuwaomba wakisahau?"

Umeneja kapewa Shemeji palepale, na hakushangilia. Alinipita mlangoni akaniambia taratibu, "Shemeji, mimi nilidhani kazi imenishinda. Nililia." Hapo niliona aibu ya kweli, mpaka masikio yakawaka moto. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumatatu, 17 Machi

Shemeji ni muungwana, au dada yake kambembeleza. Anaanzisha kozi ya wasimamizi na kaniita nami nijaribu. Atakayefuzu anabaki ofisini. Asubuhi akaanza na mtihani.

Mtihani wa mwanzo! Nikacheka kimoyomoyo. Mtaalamu wa tathmini haambiwi: anayeanza chini ndiye atakayeonekana kapanda. Nikajibu kila swali kinyume. Nguo nyeupe zifuliwe pamoja na nyekundu. Hariri ipigwe pasi ya moto mkali kuliko zote. Mteja akilalamika, akatiwe simu. Nikawa wa mwisho, tena kwa mbali, nikajipongeza.

Kumbe mtihani ule haukuwa wa kupima maendeleo. Ulikuwa wa kuchagua nani aingie kwenye kozi! Shemeji kasoma majibu yangu mara mbili, kavua miwani, kaniuliza kwa upole kama nalala vizuri. Saa nne nilikuwa stoo ya sabuni.

Mke wangu kasema nimshukuru Mungu sikufukuzwa, nitulie. Nitulie vipi, mtu mwenye akili kama zangu? Nimeikagua stoo. Aliyekuwapo kaipanga vizuri kupita kiasi, kila gunia mahali pake, mtu haoni pa kuonyesha juhudi. Na mwezi ujao Mama Mkurugenzi anakuja kukagua. Kesho nawahi kabla wengine hawajafika, nianze kuivuruga. Kidogo tu.