Namba ni Namba

Jumatatu, tarehe 4
Mkuu wa duka la dawa kasema mashine zote za lebo ziwekwe toleo jipya, 1.10. Nikiharibu tena, nifungashe virago. Mungu mkubwa, hakusema nifungashe leo!

Shemeji, kaka wa mke wangu, ni fundi mwenzangu. Alitaka kupita mashine moja moja. Nimembembeleza akaugulie mafua nyumbani. Naandika skripti, programu fupi ya kuzipitia mashine zote yenyewe: ilinganishe matoleo, kubwa libaki, dogo lifutwe. Sifa zote zangu!

Jumanne, tarehe 5
Shemeji karudi, kachungulia. Eti 1.10 niifunge kwa alama za kunukuu. Nikamjibu alama ni za maneno, namba ni namba. Akacheka, akaninunulia chai. Wivu tu huo. Ila chai ilikuwa tamu, asante kwake.

Jumatano, tarehe 6
Balaa! Skripti imeona sifuri ya mwisho haina kazi, ikaitupa. 1.10 ikawa 1.1, ndogo kuliko 1.9 ya zamani! Imefuta toleo jipya kila mahali, ikarudisha la zamani lisiloandika vipimo vya dawa. Mfamasia anaandika lebo kwa mkono, foleni mpaka nje. Bibi mmoja kaniona nahangaika, akaniachia kiti chake. Mungu ambariki.

Nikaweka alama kimyakimya. Wapi! Sasa inalinganisha kama maneno ya kamusi, herufi kwa herufi. Ile 1 ya kumi imekutana na 9, ikashindwa. Virago navikunja.

Alhamisi, tarehe 7
Shemeji kakata toleo penye nukta, kalinganisha kipande kwa kipande. Kumi ikaipiga tisa! Mkuu alipouliza nani kaharibu, Shemeji akasema tulikosea wote wawili. Machozi yalinilenga. Nimempigia mke wangu kumshukuru kwa kuwa na kaka.

Ijumaa, tarehe 8
Nimebakizwa kazini! Asante Mungu, asante Shemeji, asante hata yule bibi. Na shukrani yangu si ya punda. Shemeji ana faili la simu za wagonjwa wote, Jumatatu atawatumia ujumbe wa kuja kuchukua dawa. Maskini, kila namba kaifunga kwa alama, kama maneno! Nimezivua zote bila yeye kujua. Sifuri za mwanzo zimejiondokea zenyewe, hazikuwa na kazi. Faili limependeza!

La zamani nimelifuta, asihangaike nalo.