Kuketi kwa Pocklington, Mlinzi wa Ghala la Hankou

Jongeeni, enyi mlioketi na mliosimama, na mwenye kutafuna karanga atafune polepole, kwani nasimulia vita vilivyopiganwa Hankou, huko China, bila upanga wala risasi, akavishinda Osbert Pocklington, simba wa kiti cha mwanzi, ambaye kazi yake duniani ilikuwa moja tu: kuwa Mwingereza.

Ghala la nywele za nguruwe, zile za kutengenezea brashi, lilikuwa la Bwana Fan. Lakini kampuni yenye mkurugenzi Mwingereza ililindwa na sheria ya Uingereza, na askari wa jenerali aliyeushika mji, waliokuwa wakilimezea mate kutoka ng'ambo ya barabara, hawakuthubutu kugusa hata kofuli. Basi Fan alitia mali na akili. Pocklington alitia pua yake ndefu ya Kizungu. Naye hakujidanganya: alijua fika kwamba hawezi kutofautisha nywele za nguruwe na za mjomba wake.

Siku hiyo shujaa alikuwa katika hamamu ya jirani akisuguliwa mgongo, Fan alipoingia akihema.

"Bwana Pua! Mtu wa ofisi ya balozi yuko njiani! Anataka kuona kama Mwingereza wetu yupo kweli, au ni jina tu ukutani. Asipokuona, bendera inashuka, na wale mafisi wanaingia!"

"Suruali yangu iko kwa dobi."

"Sheria imetaja mkurugenzi, haikutaja suruali. Kimbia, wewe!"

Akatoka amejifunga taulo kama deraya, akayakata maji ya mafuriko yaliyomfika vifundoni, jeshi zima la jenerali likimzomea. Akaliparamia dirisha la ubavuni, na ole wake, taulo likanaswa na msumari likabaki nje. Akavaa koti la ofisini, akalifunga hadi kooni, akaketi. Juu ya meza palikuwa na Dola nzima. Chini ya meza, kama alivyozaliwa.

Akaingia Threlfall wa ofisi ya balozi, mkavu kama ng'onda. Akauliza, akajibiwa, akatoa kalamu. Hapo Fan, ambaye kwao mgeni haondoki na koo kavu, akamimina mvinyo, akainua kikombe:

"Kwa afya ya Mfalme wenu!"

Threlfall akasimama wima. Pocklington hakusimama.

"Bwana Pocklington! Mwingereza gani huyu asiyemsimamia Mfalme wake?"

Fan akaliona taulo dirishani, akaelewa, akawa mweupe kuliko Mwingereza wake.

"Ewe Threlfall!" akanguruma shujaa. "Mimi nimemenya viazi katika manowari ya Mfalme! Na mabaharia wake humnywea wameketi!"

"Hiyo ni melini, bwana wee."

"Juu yako bendera inapepea. Chini yako mto Yangtze umeingia mlangoni. Hapa imekosekana injini tu!"

Threlfall akavitazama viatu vyake vilivyolowa. Akacheka, akaketi, akanywa, akatia sahihi, akaenda zake.

"Umeliokoa ghala," Fan akanong'ona.

"Kwa kukaa."

"Na ndiyo kazi niliyokuajiria."

Basi na ikumbukwe: wako waliovunja ngome, wako waliovuka majangwa, Pocklington hakuinuka. Na taulo likabaki msumarini hadi jioni, likipepea ukutani mwa kampuni ya Kiingereza, wala askari hata mmoja wa jenerali hakuthubutu kuligusa.