Vita Vyangu na Bi. Duni wa Chumba cha Vidonda

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Riyama, tangu uhamie Mkokotoni sina wa kumweleza hasira zangu. Basi naziandika humu, na baba yako akija mjini wiki ijayo nitampa daftari akuletee. Naapa kukwambia kila kitu, hata cha kuniaibisha. (Hakipo.)

Leo nimempeleka Bibi kituo cha afya kusafishwa kidonda cha mguu. Unajua ana sukari. Kidonda kisiposafishwa kila baada ya siku moja, anaweza kukatwa kidole, pengine na mguu. Mimi nasoma mkondo wa mchana, kwa hiyo kumpeleka asubuhi ni kazi yangu.

Chumba cha vidonda yumo Bi. Duni. Muuguzi. Sauti ya mnadani! Mlango wazi, benchi zima linasikia. Akamuuliza Bibi anakula nini. Bibi akajibu, vya kawaida tu. Nikaona nimsaidie Bi. Duni kazi yake. Nikamweleza yote: chai ya vijiko vinne vya sukari, na haluwa iliyofichwa ndani ya kasha la kanga. Nilisema kwa sauti safi, kama tunavyofundishwa skuli.

Bi. Duni akapiga ukelele: "Haluwa? Bi Mkubwa, nikusafishe kidonda au nikutilie na kahawa?"

Benchi likaangua kicheko. Bibi akajifunika uso kwa mtandio. Nyumbani amesema hendi tena, hata abebwe. Katili mkubwa yule mwanamke!

Na kuna kubwa zaidi. Tuna daktari mkuu mpya, Dk. Talib. Anataka kila mfanyakazi asikie maoni ya wagonjwa na ya wenzake, apate kujirekebisha. Anakaa kwenye lango la nje na kumuuliza kila anayetoka amehudumiwaje. Bibi, machozi bado shavuni, akajibu: "Nzuri, alhamdulillahi. Mungu awape afya."

Nzuri!

Jumanne, 7 Oktoba

Mpango wa kwanza. Nimewahi bencheni kabla ya Dk. Talib, nikawafundisha wagonjwa kusema kweli. Wote wakaitikia kwa vichwa. Wote wakatoka na kusema nzuri, alhamdulillahi. Bwana mmoja alifokewa mpaka akasahau kiatu ndani. Mguu mtupu, akasema huduma nzuri! Nikamwonyesha dokta ule mguu. Bwana akasema anapenda ubaridi wa sakafu.

Mzee Gharib peke yake ndiye aliyelalamika. Alilalamika kweli, mpaka kofia ikamwanguka. Juu ya bei ya pweza.

Matokeo: Bi. Duni anaongoza kwa sifa kituo kizima. Nilitamani kulitafuna benchi.

Jioni nimemweleza Bibi madhara ya kukaa na kidonda kichafu. Nimemweleza kutoka Magharibi mpaka Isha bila kupumzika. Jirani yetu Bi. Zeyana akaja mbio kuuliza nani kafa. Watu wa Jang'ombe wanapenda kuingilia mambo!

Alhamisi, 9 Oktoba

Mpango wa pili: wenzake. Nimemfuata Hafiz wa maabara. Nikamwambia ana wajibu wa kumsema Bi. Duni. Akasema ameshamsema, mwaka mzima sasa, kwamba apunguze sauti na afunge mlango. Bi. Duni humjibu kwamba wagonjwa hawajalalamika. Halafu Hafiz akaanza kunieleza kwamba mikono ya Bi. Duni haina mfano, kwamba vidonda vilivyoshindikana kwengine vinapona kwake. Nikamkatiza. Sikwenda kule kusikiliza mazuri yake.

Nilipotoka, Bi. Duni yuko mlangoni. "Karibu, Bibi Mkaguzi," akaniambia. "Leo tumepata alama ngapi?"

Nilimwamkia tu, kwa sababu nimelelewa. Lakini ile shikamoo niliitoa kavu!

Kidonda kimeanza kunuka. Bibi anakifunga kwa kipande cha kanga na kusema hajambo. Nimemfokea, kwa faida yake. Kisha nimelia kidogo, chooni.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimechoka na mipango. Nimemwendea Dk. Talib mwenyewe. Nikamwambia hapa kwetu ukimuuliza mtu hali, hata kama nyumba yake inaungua atakwambia njema. Swali lako ni salamu, dokta, ndiyo maana unajibiwa salamu.

Akavua miwani. Akaniuliza, wewe ungeulizaje? Nikasema: ningemfuata mgonjwa kwake, faragha, nimuulize ni kitu gani kimoja kingemfanya arudi. Kisha nikamweleza mguu wa Bibi.

Anakuja Jumatatu! Bi. Duni kwisha habari yake!

Jumatatu, 13 Oktoba

Amekuja. Amekuja na Bi. Duni, kabeba mkoba wa dawa!

Nikaambiwa nisubiri uani. Mimi! Mwenye fikra! Nikatega sikio kwenye pazia. Kwanza sauti ya Bibi, ndogo, anazungumza na kuzungumza. Kisha mtu anapenga kamasi. Kisha vicheko, tena vya watatu!

Walipotoka, Bi. Duni macho mekundu. Dk. Talib akanieleza. Bi. Duni amemwomba Bibi radhi. Kuanzia leo mlango utafungwa na sauti itashuka. Aliyoambiwa na Hafiz mwaka mzima ameyasikia leo kwa mwenye mguu. Mguu utapona, lakini asikose hata siku moja. Bibi amekubali, kwa sharti moja.

Nikauliza sharti gani. Wote wawili wakatazama viatu vyao.

Bibi anataka apelekwe na mtu mwengine. Amesema Bi. Duni alimpigia kelele mara moja tu. Na siri ya haluwa hakuitoa Bi. Duni.

Jumatano, 15 Oktoba

Bibi amekwenda na Bi. Zeyana. Amerudi na bandeji nyeupe, na uso ambao sijauona tangu Ramadhani. Kidonda kinakauka. Nimefurahi, wallahi. Nimembusu mkono.

Lakini ni wazi kwamba Dk. Talib hakumsikia Bibi vizuri. Mtu mpya, bado hajazoea. Na Bi. Zeyana nina wasiwasi naye. Nilimwona na kifurushi cha haluwa. Kwa hiyo nimeshapanga. Keshokutwa nawafuata nyuma, nasimama dirishani pa chumba cha vidonda, na Bi. Zeyana akikosea lolote nitamsema palepale, benchi zima lisikie, apate kujirekebisha.

Kesho baba yako anakuja kuchukua daftari. Riyama, umekaa nami dawati moja miaka mitano. Nijibu kwa baba yako huyo huyo, asirudi mikono mitupu: mimi napiga kelele? Na ole wako uniandikie nzuri, alhamdulillahi!