Malalamiko Dhidi ya Wataalamu Walioanza Kuelewana

Kwa Mheshimiwa Hatakeyama,
Mkuu wa Idara ya Wazee, Mji wa Kamiyachi, Akita.

Theluji imefika dirishani kwangu. Natumaini kwako bado iko chini, na mafua hayajabisha hodi. Mimi ni Kinue Obata, mjane wa miaka themanini na nne. Nalalamikia ile semina uliyowapeleka wataalamu wako wanne wanaonihudumia nyumbani wakajifunze kushirikiana. Wameshirikiana. Sasa tazama madhara yake.

1. Siri zangu zimekwisha. Muuguzi alikuwa akinikataza kutembea, mtaalamu wa mazoezi ya viungo akinihimiza, nami nilikaa kitako nikimsingizia mmoja kwa mwenzake. Dada wa lishe, aliyenikataza chumvi, hakulijua pipa langu la achari ya figili. Mfamasia alikuwa akiila na kuisifu. Siku hizi wana daftari moja. Juzi dada wa lishe kaniambia, "Bibi wee, habari za achari tumeshazipata. Pipa liko wapi?" Aibu iliyoje!

2. Wanakubaliana mno. Waliketi wanne sebuleni kwangu, wakapeana kadi za majina kana kwamba hawajuani, wakaulizana lengo langu maishani ni lipi, wakalipata, wakalipigia makofi. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha chai.

3. Hili ndilo linaloniuma. Zamani kila mmoja alikuwa na siku yake, na kila mmoja alimsengenya aliyemtangulia, basi nikawa na habari tele. Sasa wanakuja wote Alhamisi, dakika arobaini, eti kuokoa muda. Muda wa nani? Wangu upo tele, sina wa kuutumia naye. Siku zilizobaki naongea na birika.

Kwa hiyo naomba uandae semina ya kuwafundisha kukosana. Atakayeweza kutowasalimia wenzake mwezi mzima apewe cheti. Mkufunzi nitakuwa mimi. Niliishi na mama mkwe miaka thelathini, uzoefu ninao.

Nisalimie mkeo, makarani wote, na hata aliyebuni semina hiyo.

Wako mwenye manung'uniko,
Kinue Obata

Tanbihi: Haya nayaandika mwenyewe, samahani kwa mwandiko mbovu. Hayo ya juu nilisema mimi, akaandika muuguzi, mfamasia akasahihisha, na wale wawili wakacheka hadi machozi. Hawakukosana hata kidogo. Wiki mbili sasa wanapokezana kuja kila jioni, kwa ajili ya barua hii tu. Naituma kwa siri; ukiipata, tafadhali usiwaambie imefika. Nimewaambia bado ina makosa mengi, na kesho wanakuja.