Hapana Ile Ilikuwa Makadirio ya Simu

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa sayansi,

Nadai, na nitathibitisha, kwamba mimi sijakataliwa.

Nimehitimu uhandisi wa mawasiliano juzijuzi, hivyo nasema ninachokijua. Jumapili nilimpigia simu fundi cherehani, jirani yetu, nimpose. Niliweka spika ili familia ishangilie. Tangu hapo, kila nikipita sebuleni, kaka yangu huuliza, "Msomi, umetoswa?" Mama naye amekwisha kumrudishia Mjomba suti aliyoniazima. Posa yangu na jina langu vyote viko hatarini, ndiyo maana naandika.

1. Wimbi la simu halifiki likiwa zima. Hugonga kuta na mapaa, likaja limebebana na mwangwi wake. Ndani ya simu kuna kisawazishi, ambacho kazi yake ni kujifunza jinsi njia ilivyolipinda wimbi, kisha kulinyoosha. Tusikiacho, basi, ni makadirio.

2. Kisawazishi hakijifunzi kwa miujiza. Huanza na ishara ambayo pande zote mbili zinaijua, kama sisi tunavyoanza na "haloo, haloo". Bibie hakusema haloo. Alipokea akasema "hapana" papo hapo, kabla sijauliza lolote. Simu ingejifunzia wapi?

3. Kisawazishi kikikosea mwanzo, hutumia kosa lilelile kuamulia yanayofuata. Ndiyo maana nikasikia "hapana" mfululizo, kisha "hapana, kaka yangu, niache nishone". Hilo la "kaka yangu" ndilo ushahidi mkubwa kabisa wa hitilafu.

4. Familia ilisikia kupitia simu hiyohiyo, hivyo ushahidi wao ni batili. Kwa haki, posa zote zilizowahi kukataliwa kwa simu zirudiwe upya, tukianza na yangu, na suti irudi.

Namtaka bibie ajibu hadharani, kwenye ukurasa huu huu, kwa maandishi, kwa kuwa karatasi haina mwangwi. Akinyamaza, nitahesabu kimya chake kuwa ndiyo.

Nisalimie wachapaji, wasambazaji na wasomaji wote, hata wanaomuunga mkono kaka yangu.

Wako katika elimu,
Mhandisi Asiyekataliwa

Nyongeza: Kwa uungwana nilimpelekea bibie nakala ya barua hii kabla ya kuituma kwako. Imerudi sasa hivi, imekunjwa vizuri. Pembeni, kwa chaki ya kukatia nguo, ameandika: "Haloo, haloo. Hapana."