Kadi ya Wawili

Spana aliingia mkahawani kwa Gwenda asubuhi ile na nia moja tu: ale yai na soseji zake kimyakimya, amsubiri mtu wake, kisha avuke barabara kwenda stesheni. Gazeti ndilo lililomharibia.

Gazeti lilikuwa mikononi mwa Askofu. Huyu hajawahi kuhubiri popote. Nusu ya maisha yake aliimaliza akitaja namba kwenye ukumbi wa bingo hapa hapa Crewe, mji wa reli wa Uingereza, na ukumbi ulipofungwa sauti ile nzito ikabaki naye. Akikusomea bei ya kabichi unaweza kuvua kofia.

"Nauli za treni," akasoma, "zinapanda tena."

"Soma michezo," akasema Gwenda, mwenye mkahawa, bila kugeuka kutoka kwenye kikaango. "Hiyo si habari, mpenzi. Zingeshuka ndiyo ungeniita." Gwenda humwita kila mtu mpenzi, hata yule bwana wa afya aliyekuja kukagua panya.

"Mimi hainihusu," akasema Vipande, akipaka siagi mkate wake. Jina lake ni Trevor, mpeleka barua mstaafu, lakini hapo kijiweni wanamwita Vipande kwa sababu hajawahi kununua tiketi nzima. "Nyie mnapigwa kwa sababu mnapenda kupigwa. Mtu anakwenda Carlisle, ananunua tiketi ya Crewe mpaka Carlisle. Kwa nini? Nunua Crewe mpaka Preston, halafu Preston mpaka Carlisle. Treni ile ile, kiti kile kile, makalio yale yale, na bei inakuwa chini."

"Kwa hiyo unashuka Preston," akasema Askofu.

"Nishuke niende wapi? Nakaa. Tiketi ndiyo inashuka. Mradi treni isimame pale, basi."

"Wewe ulikwenda Bristol na rundo la tiketi, konda akadhani unamwalika kucheza karata."

"Alizikagua zote na hakuwa na la kusema."

"Hakuwa na la kusema kwa sababu alipomaliza mlishafika Bristol."

Gwenda akacheka mpaka yai likapasuka. Spana naye akatabasamu, akainamia sahani yake. Jina lake ni Desmond; alifanya kazi ya ufundi kwenye karakana ya reli tangu ujanani, na bado ana mikono inayofanya uma uonekane kama kijiti cha meno. Kwa kawaida huchangia. Leo alikuwa na lake moyoni.

"Na wewe, Askofu," Vipande akaendelea, "unakwenda dirishani asubuhi ile ile ya safari, unalipa bei kamili kama mtoto wa mfalme. Hata kadi ya punguzo huna."

"Ya vijana ilinipita. Ya wazee haijanifikia, sijafika sitini." Hapo Askofu akajinyoosha kidogo. "Mimi niko katikati, na nchi hii haitaki watu wa katikati waende popote."

"Si kuna kadi ya wawili," akasema Spana. "Mnaweka picha zenu mbili, mnasafiri pamoja, kila mmoja anapunguziwa theluthi. Umri hawaulizi, mradi mmeshakua. Ila siku za kazi msipande asubuhi mno. Mimi ndiyo ninayotumia."

Kauli ilikuwa imeshatoka. Vipande akauweka mkate chini.

"Unatumia na nani?"

Spana akamwaga sosi ambayo hakuihitaji.

"Desmond," akasema Askofu kwa sauti ya bingo, "bwana anakuuliza. Picha ya pili ni ya nani?"

"Ya Maxine."

Hata mafuta kwenye kikaango yalionekana kutulia. Maxine alikuwa mke wa Spana. Walikuwa wameachana miaka minne sasa, tena si kwa siri, maana kila meza ya mkahawa ule ilishatoa ushauri wake.

"Unatupiga kamba," akasema Vipande.

"Nikupige kamba ya nini? Binti yetu Heather yuko Carlisle, mjukuu yuko Carlisle. Kila mwezi tunakwenda. Hakimu aligawa nyumba, akagawa gari, mbwa akaenda kwa Maxine. Kadi haigawanyiki. Lazima muwepo wote wawili, safari nzima, la sivyo konda anawatoza."

"Kwa hiyo mmeachana," akasema Gwenda polepole, sasa amegeuka, kijiko cha kukaangia mkononi, "isipokuwa kwenye reli."

"Ni suala la nauli tu."

"Na yule Leonard anayemchezesha Maxine dansi za Alhamisi anajua?"

Spana akachomachoma yai kwa uma. Leonard ndiye hasa aliyemkalia rohoni. Kadi ilikuwa inaisha muda wake wiki ile, na Maxine alikuwa amemtumia ujumbe mfupi: tukiwa kwenye treni nataka tuongee habari ya kadi. Spana alikuwa ameusoma ujumbe ule akisimama, akausoma akiketi, na kila namna aliyousoma alikuta picha ya Leonard imebandikwa mahali pa picha yake, yale meno yake meupe kama sinki jipya.

"Ngoja kwanza," akasema Vipande, na macho yake yakapata ule mwanga anaoupata akiona nauli ya kijinga. "Wewe una miaka sitini na saba."

"Sasa?"

"Kadi ya wazee inaanzia sitini. Nayo inatoa theluthi. Theluthi ile ile, bwana. Unasafiri peke yako, unakaa unapotaka, husubiri mtu. Miaka yote hii ungekuwa nayo."

Askofu akakunja gazeti. Gwenda akazima jiko. Wote watatu wakamtazama Spana, naye akahisi masikio yake yakipata moto kama mvulana aliyekutwa dirishani kwa watu.

"Sikuwa najua," akasema.

"Umefanya kazi reli tangu una nywele," akasema Vipande. "Ulikuwa unajua."

"Mwache," akasema Gwenda.

Mlango ukafunguka, Maxine akaingia na upepo na bati la keki. Alikuwa amevaa koti lake la kijani. Akawatazama mmoja mmoja.

"Mbona kimya hivyo? Kafa nani?"

Askofu alirusha teke chini ya meza ili amnyamazishe Vipande. Likampata Spana.

"Karibu, shemeji," akasema Vipande. "Tulikuwa tunajadili nauli. Hivi unajua kwamba kadi ya wazee ina punguzo sawasawa na hiyo yenu ya wawili?"

Maxine akaweka keki mezani, akavua glavu bila haraka.

"Trevor, kwanza nani kakwambia mimi mzee?" Akafungua mkoba, akatoa kadi, akaiweka mbele yake. "Ninayo. Heather alininunulia nilipofika sitini."

Vipande akaishika, akaigeuza. Ilikuwa ya kweli.

"Hukuniambia," akasema Spana.

"Na wewe hukununua. Ulikuwa unangoja nini, Desmond?"

Spana akafungua mdomo. Alikuwa na jibu, lakini halikuwa la kutolewa mbele ya soseji na watu watatu walioacha kupumua. Akaufunga.

"Basi," akasema Maxine. "Nilitaka tuyaongelee kwenye treni, ila hapa kwenu habari inafika kabla ya mwenyewe. Ile ya wawili nimeshailipia mpya. Nataka picha yako. Ile ya zamani una masharubu, yule konda wa mwezi uliopita alinitazama kama nimebadilisha mume."

"Na Leonard?" Ilimtoka Spana kwa sauti ndogo kuliko alivyotaka.

"Leonard ana gari. Tena Leonard anaongea. Tangu anakaa mpaka anashuka. Mimi tukishaipita Lancaster, ile milima ikianza, nataka mtu wa kunyamaza naye. Wewe ulikuwa mume mgumu, lakini kwa kunyamaza sijapata kama wewe." Akavaa glavu tena. "Beba keki. Iweke sawa, ina jina la mtoto juu."

Spana akasimama. Akachukua bati lile kwa mikono yote miwili kama mtu aliyekabidhiwa kombe, akaacha soseji moja nzima kwenye sahani, jambo ambalo Gwenda alikuwa hajaliona tangu afungue mkahawa.

"Lakini shemeji," akasema Vipande, maana hakuweza kujizuia, "kwa kuwa mnapita Preston, mngekata pale, halafu—"

"Trevor. Mimi na huyu tulishakatwa na hakimu. Inatosha."

Wakatoka. Spana alikuwa akiushikilia mlango kwa bega ili keki ipite, upepo ukimpiga usoni, aliposikia nyuma yake Askofu akikohoa, kisha akisema kwa sauti ambayo haikufanana kabisa na ya bingo:

"Gwenda. Kule pwani Llandudno, kwa kadi ya wawili, wewe unaionaje?"

Sahani zikagongana kwenye sinki.

"Naiona ina baridi," akasema Gwenda. "Ila uliza vizuri."